Nilivyolazwa kwa Maneno Mbele ya Mama Mkwe

Nimeadhirika leo, jamani. Sogeeni niwaambie mwenyewe, kabla hamjayasikia sokoni yametiwa chumvi.

Mnajua Jumamosi natakiwa kuswaga ng'ombe wa mahari mpaka Kansay, kwa akina Paulina. Mimi mwenyewe, wazee wakitazama. Baba yake kasema asiyeweza kuswaga ng'ombe hapewi binti. Msichokijua ni kwamba naogopa ng'ombe. (Kwetu Uchagani ng'ombe anakaa zizini, analetewa majani. Huyu anayetembea barabarani sijazoeana naye.)

Nikasikia zahanati kuna daktari mgeni, anatibu woga kwa kumlaza mtu usingizi kwa maneno tu, bila sindano. Nikamuuliza Eliya, huyu huyu anayejifanya kuangalia pembeni. Akaniapia: "Ukilazwa na yule hujitambui! Chochote unachoulizwa unajibu kweli tupu. Hata jina la hawara unalitaja!"

Asubuhi nikavaa suruali yangu ya bugaluu, ile ya kanisani, nikaenda. Daktari akanionyesha kitanda. "Lala hapo, fumba macho, upumzike." Nikafumba. Nikangoja kupotea. Wapi! Nasikia kuku nje, nasikia mtoto analia kwa chanjo. Nikaona vibaya kumwangusha mtu aliyesoma kiasi kile, nikakoroma. (Ndiyo, nilikoroma. Kwa heshima.)

Mara mlango ukagongwa. "Hodi! Maziwa!"

Mama Paulina. Ndiye anayeleta maziwa ya wagonjwa, nami nimelala chali mbele ya mkwe, viatu nimevua, hata shikamoo sijampa. Nikaona bora nizidi kulala.

"Huyu si yule fundi cherehani anayemtaka Paulina? Anaumwa nini?"

"Mambo ya mgonjwa siwezi kuyasema, mama," daktari akajibu.

"Haya. Lakini nasikia unaowalaza husema kweli." Akaniinamia. "Wewe kijana, unaogopa ng'ombe?"

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na ni heri ingelala. Nikinyamaza, atajua sijalazwa. Nikikataa, nitakuwa nimesema uongo, na aliyelazwa hasemi uongo, kwa hiyo atajua sijalazwa. Nikajibu kwa sauti nzito ya usingizini: "Ndiyo, mama. Hata ndama."

Mama akamgeukia daktari.

Kisha daktari, taratibu kabisa: "Mama, tiba hii haimtoi mtu siri. Anajitambua muda wote, na asilotaka kusema hasemi. Tena huyu sijaanza naye. Nilimwambia apumzike tu, nimalize kunawa mikono."

Nikafumbua macho. Ningefanyaje? "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

Nikajua Paulina ndiyo basi tena. Nilitamani kulia, kweli. Mama akabeba ndoo yake, akafika mlangoni, akageuka. "Baba Paulina anaogopa punda. Tangu ananichumbia mpaka leo. Hili lako tusimwambie. Jioni Paulina atakuletea ndama, ukae naye mpaka Jumamosi, mzoeane."

Basi ndiye huyo, kafungwa kwenye nguzo ya baraza. Na wewe Eliya, cheka ukitaka, lakini cheka polepole. Ananiangalia.