Kipande cha Jeti na Magamba ya Changu

Tangu Ukunda ipate lami, hajazaliwa mtu wa kumchezea shere Swabir. Anayebisha na abishe.

Mjanja huyo aliposikia kwamba Mzee Kalama wa Diani, fundi mstaafu wa ndege za vita, ananunua vipande vya jeti za zamani, hata vile visivyojulikana ni vya wapi, alioga mara mbili na kujipaka mafuta. "Kisichojulikana," alisema, "ndicho biashara yangu."

Akatia pikipiki moto hadi Kinondo kwa Mwanaima, muuza vyuma chakavu. Alimkuta akipara changu kwa kibati kilichopinda kama jani, cheupe, kinachong'aa.

"Shikamoo mama. Nataka chuma cha kale."

"Marahaba. Na hiki je? Naparia samaki tangu binti yangu Twaiba anatambaa, na jina lake silijui."

Swabir alicheka hadi akapaliwa. "Hicho cha juzi, mama! Cha kale lazima kiwe na kutu. Pwani hii hata kijiko hakimalizi masika bila kuota ndevu. Mzee Kalama wa Diani anataka jeti, hataki kiparuzo cha samaki."

Naam, akamtaja na mnunuzi. Ulimi hauna mfupa.

Akachagua dude jeusi lililotafunwa na kutu, zito kama mama mkwe aliyenuna. Pesa hakuwa nazo, akaacha pikipiki rehani, helmeti juu ya kiti: asiporudi na malipo kabla ya magharibi, si yake tena. Ndiyo iliyomlisha yeye na mamake, lakini mjanja hufikiria faida tu.

Akajitwika dude. Njiani akapitwa na pikipiki iliyokohoa kama yake. "Duniani wawili wawili," akasema, akipangusa jasho.

Alipofika Diani akalitua mbele ya Mzee Kalama. "Shikamoo mzee! Hili ndilo ini la ndege ya vita. Bila hili, rubani havuki hata mnazi."

Mzee Kalama akaligonga, akalinusa. "Ini hili limekamua miwa maisha yake yote, mwanangu. Ni gurudumu la kinu. Injini ya jeti ingekuwa ya kuota kutu hivi, marubani wangu wote wangekuwa marehemu." Akafunua kitambaa mezani. "Jeti ni hii. Jani la injini. Kaniletea mama mmoja sasa hivi."

Jani lilimeta. Nchani lilikuwa na gamba la changu.

"Alikuja na nini, mzee?" akauliza Swabir.

"Pikipiki. Kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu."

Swabir alikishona kwa mkono wake.

Adhana ya magharibi ilimkuta bado Galu, njiani kurudi Kinondo, dude begani, maana Mzee alikataa hata kuachiwa bure.

Sasa, nani alimwendesha Mwanaima, asiyejua hata baiskeli? Hapo msimulizi hana habari. Mpita njia tu, kijana mwema...

"Mpita njia!" akadakia Twaiba kutoka kwenye karai lake la viazi. "Wallahi huna haya! Si wewe uliyempakia mama yangu? Na hiyo helmeti uliyoikalia, mbona imeandikwa Swabir?"