Nane Wangu na Nane wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Jana tumefungwa tena na timu ya waoka mikate. Tatu bila, zote baada ya dakika ya sitini. Kipindi cha kwanza vijana walikuwa moto. Cha pili walitembea kama wanasindikiza jeneza.

Leo kocha mkuu ametuita karakanani, katikati ya viti visivyo na miguu. Kasema timu ya kiwanda inahitaji mwalimu wa mbio. Nikaweka kola sawa. Miaka mitano nambebea mipira, nani mwingine? Akamtaja shemeji yangu. Mdogo wa mke wangu! Kasoma kozi ya wiki tatu, karudi na filimbi shingoni, hata mezani kwangu haivui.

Nikabisha, na mwisho kocha kaamua tushindane. Wachezaji kumi na sita, kila mmoja wetu anachukua nane na kuwafundisha kwa njia yake kwa wiki mbili, wapimwe mbio mwanzo na mwisho. Mimi: mita thelathini kupanda kilima cha nyuma ya kiwanda, mapumziko mafupi, tena na tena. Shemeji: vimechi vya wanne kwa wanne kwenye kiwanja kidogo. Yaani watacheza tu! Eti hayo nayo ni mazoezi.

Jumanne, 4 Machi

Mimi mkubwa, nimechagua kwanza. Nimebeba wote wenye mbio, nikianza na winga wetu, Mshale. Shemeji kaachiwa mabaki, na bado katabasamu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akauliza, bila kuinua macho, "Mshindi ni mwenye mbio zaidi, au aliyeongeza mbio zaidi?"

Mluzi ukakatika. Nikampigia kocha. Ni aliyeongeza. Sasa Mshale ataongeza nini, apae?

Jumatano, 5 Machi

Akili haijaniishia. Kabla ya kipimo cha kwanza niliwaita nane wangu nyuma ya stoo. Nikawaomba wakimbie kama watu walioshiba. Mshale aliona nimemtukana. Nilimbembeleza mpaka koo likakauka, akakubali kwa shingo upande.

Mbio sita za mita thelathini, muda unajumlishwa. Wastani wa nane wa shemeji: sekunde ishirini na nane. Wangu: thelathini na mbili! Mshale alikimbia kama anatafuta sindano kwenye nyasi. Kocha aliandika kila kitu kwenye daftari lake. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Orodha ya mechi ya kesho imebandikwa kwenye mlango wa karakana. Hakuna hata mmoja wangu anayeanza; pengo kalijaza na kipa na mafundi wawili wazee wa karakana. Nilimfuata kocha, akanionyesha daftari lake. Kasema kwa miguu ya namna hiyo hawezi kumpanga mtu, hata awe mtoto wa mwenye kiwanda.

Nikarudi kwenye kazi yangu ya stoo. Mshale amepita stoo kuchukua misumari. Hakunisalimia.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeshinda mbili bila. Mabaki ya shemeji yamekimbia mpaka dakika ya mwisho. Mke wangu kampikia mdogo wake chakula cha pongezi, nami nimekila. Kilikuwa kitamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nane wangu wamenuna. Wanapanda kilima kama wanapelekwa kortini. Nikasema niwaonyeshe mbio zinavyokimbiwa. Nilitoka kwa kasi nzuri sana. Hatua ya nne, msuli wa paja ukasema pwa. Nimeletwa nyumbani kwenye toroli la mbao.

Alhamisi, 13 Machi

Nafundisha kwa simu, barafu pajani. Kila alasiri nampigia nahodha wa nane wangu. Kila alasiri anajibu kwamba wamekimbia mpaka wamechoka, mwalimu usiwe na shaka. Nasikia kelele na vicheko nyuma yake. Morali imepanda! Nimeandika kwenye daftari: kilima kinafanya kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Kipimo cha mwisho. Nimeenda na fimbo.

Nane wa shemeji: ishirini na saba. Si mbaya. Nane wangu: ishirini na sita! Sekunde sita wamepunguza! Nilianza kuandaa hotuba.

Kocha, kwa mshangao, akawauliza wamefanyaje. Nahodha akaangalia viatu vyake. Akasema tangu mimi niumie hawajakanyaga kilimani. Walihamia kwenye vimechi vya shemeji.

"Kule angalau kuna mpira," Mshale akaongeza.

Kocha akafunga daftari. Kasema basi njia ya shemeji imeshinda mara mbili: kwa nane wake, na zaidi kwa nane wangu. Kazi ni yake.

Jambo moja tu lingeweza kupindua matokeo hayo: kusema kwamba zile thelathini na mbili zilikuwa za uongo. Watu nane walinitazama. Nikameza hotuba yangu na mate. Shemeji kanipa mkono na kunishukuru kwa ushirikiano, kwa unyenyekevu wa kuudhi kabisa.

Jumatano, 19 Machi

Leo kocha kasema makipa nao wanahitaji mwalimu. Kila anayetaka kazi atapewa kipa mmoja, atapimwa mwanzo na mwisho.

Nimekuwa wa kwanza kuinua mkono. Nimepewa kipa wa pili, na tayari nimeshaongea naye. Kesho, kwenye kipimo cha kwanza, ataachia mipira yote.

Kijana kasema kipa wa kwanza ametegua kidole, kwa hiyo huenda Jumamosi akapangwa yeye. Nimemwambia asinichanganye na mambo madogo.