Gari Lisilo na Pa Kuweka Kuku

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Igowole.

Mwalimu wa kisomo kasema tuandike kila siku, herufi zisitutoroke. Basi naandika. Mwenye macho ya umbea afunge daftari langu!

Yohane, mjukuu wangu fundi, kamaliza gari lake. Miaka mitatu analigonga! Alilipata kwa Mgiriki mmoja wa tumbaku aliyekuwa anahama Iringa. Nimekwenda kulitazama. Lo! Viti viwili tu. Paa hakuna. Redio hakuna. Mlango hakuna, unavuka ukuta wake kama mwizi wa mahindi. Bodi ya plastiki ngumu, nimeigonga kwa kidole ikalia kama debe. Pa kuweka kuku hakuna!

Nimemuuliza gunia linakaa wapi. Kanijibu, mke wangu, hili halibebi gunia, linambeba dereva. Eti aliyelitengeneza kila akiona kitu kisichosaidia kukimbia, anakitoa. Nikamwambia basi angeanza na wewe.

Jirani yangu Lusia ana pikapu ya mwanawe. Kila mavuno namwomba lifti. Mimi ananipandisha nyuma juu ya magunia, yeye mbele na mkoba mapajani kama mke wa mkuu wa mkoa. Mwaka huu sikubali.

Nimeandika barua. Kwa Magesa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa. Ana Landrova, na anapenda vitu vya kutazamwa na watu. Njoo Jumapili tubadilishane, gari kwa gari. Nikatia jina la Yohane. Kondakta wa basi kaichukua. Mtaniona mbele!

Jumatano, 4 Agosti

Yohane kanibembeleza nipande nionje. Nimepanda ili nipate la kumsema vizuri.

Hadi Nyololo ni vumbi. Nikamsema. Kila jiwe nalijua kwa makalio, hili dogo, hili kubwa, hili lina ncha. Kisha tukaingia lami ya kwenda Makambako. Mungu wangu! Injini iko nyuma ya mgongo inaimba kama kwaya ya Pasaka. Upepo wote wa Mufindi umeingia puani. Tumekaa chini kabisa, barabara naweza kuishika. Yohane haangalii saa wala taa, anasikiliza. Kasema usukani unamwambia mkononi lami imelowa wapi. Kwenye kona sikuanguka. Gari limegeuka kama mbuzi! Kilemba changu kimeruka, kimebaki huko huko, wakitunze.

Nimecheka mpaka meno yakapata baridi. Nikamwambia tena! Tumerudia kona ile mara nne. Kaniachia nivute gia moja. Nimeivuta mimi!

Nimefika nyumbani naimba. Nikaweka sufuria jikoni. Ndipo nikaikumbuka barua.

Ijumaa, 6 Agosti

Kondakta kaleta majibu. Magesa anakuja Jumapili, na Landrova, na mkewe Roza.

Nimemwambia Yohane ukweli. Karibu wote. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Kafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu. Kasema jina lake limeshatoka hapa nyumbani, hawezi kuniita mimi bibi yake mwongo mbele ya mgeni. Magesa akilitaka, atalichukua. Kisha kaenda kulipangusa gari taa moja moja, kama anamwosha mtoto wa kumpeleka kwao. Sikuweza kula. Mimi!

Basi Magesa asilitake. Nimepanga hivi. Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi ni marufuku barabarani, kuokoa petroli. Nitamlisha mpaka saa nane ipite. Asiyelijaribu gari atalitaka vipi? Jogoo wangu mwekundu atakufa kwa ajili ya taifa.

Jumapili, 8 Agosti

Wamefika saa tano. Magesa ni mkubwa, mlangoni kapita ubavu. Shikamoo bibi, liko wapi gari? Nikamsalimu kikwetu, kamwene, nikasema kwetu mgeni hula kwanza.

Kala ugali. Nikaongeza. Kala jogoo, maharage, viazi. Huku namweleza ubaya wote, sikumficha hata mmoja. Mvua inakunyea. Mzigo haliingizi. Abiria ni mmoja tu! Hapo kaacha kutafuna. Kauliza mmoja kweli? Kweli, nikasema, mmoja! Kapiga meza. Kasema Landrova yake kila safari inajaa shemeji, hili ndilo aliloomba kwa Mungu. Roza kamwambia sema tena uone.

Saa nane ikapita. Nikatangaza kwa huzuni kwamba kujaribu hakuwezekani. Magesa eti hakuna haja! Atalala hapa, kesho aondoke nalo. Yohane akaenda kuleta funguo.

Magesa kasema ajikalie tu kidogo. Kavuka ukuta. Miguu ikaingia. Makalio yakaingia. Tumbo, pamoja na jogoo wangu, likakutana na usukani. Likakwama! Kuingia hawezi, kutoka hawezi. Wanaume wanne waliotoka kanisani wakamshika makwapa, wakavuta. Gari likanyanyuka naye! Magurudumu ya mbele hewani! Roza kalala kwenye majani kwa kicheko, anawaambia waiteni shemeji zake waje wasaidie kuvuta. Katoka bila vifungo vitatu. Yeye mwenyewe kacheka mpaka machozi. Kasema gari limemkataa, halina kosa, na yeye anajua kukataliwa.

Yohane kanibeba, kanizungusha uwanja mzima. Nikamwambia nishushe mpumbavu wewe, nina magoti ya kizee.

Jumatatu, 9 Agosti

Alfajiri Magesa kajishika tumbo. Kasema limeshuka, ajaribu tena. Nimekimbia jikoni! Uji, viazi vitamu, maharage ya jana, tena uji. Saa mbili wameondoka na Landrova yao, kaahidi kuniletea mchele. Mtu mwema. Asirudi mapema.

Yohane kaniapisha, kutangaza jambo lolote la gari bila kumuuliza ni mwisho. Nimeapa kwa mkono wa kulia.

Mchana Lusia kapita uani. Kasema kigari chenu hakina faida, hata debe la mahindi halikai. Nikavumilia. Kasema tena. Basi nimemwambia Jumamosi tushindane, pikapu yake na gari letu, Nyololo mpaka Makambako, na wamama wote wa kigango waje kutazama. Kauliza dereva nani. Nikasema mimi.

Nitamtafuta Yohane baada ya chakula, nimuulize kijuujuu, kama mtu anayepitisha muda tu, kanyagio la kusimamisha ni lile la katikati au la pembeni.