Foleni ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Februari 2005

Nimejiunga! Kuanzia leo hatutoki tena kwenye barafu kwenda kuazima filamu. Unachagua kwenye kompyuta, unazipanga foleni, posta inakuletea diski tatu mlangoni. Ukirudisha moja, inayofuata kwenye foleni inakuja. Hakuna faini ya kuchelewesha. Wiki mbili za kwanza bure. Mke wangu Ardis kasema sawa, ila tarehe 21 nimsomee tathmini ya maandishi ndipo aamue tuendelee au tuache. Hajasahau ile mashine yangu ya kukaushia samaki.

Kusudi langu halisi hajui. Kusudi langu ni mama yake. Mama Gudrun, miaka 81, alivunjika nyonga Novemba akaja kwetu kukaa "siku chache". Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimwonyesha jembe la theluji, akanionyesha mkongojo. Kutwa anatazama chaneli ya hali ya hewa. Baridi ya hapa kwetu Duluth haihitaji chaneli, inahitaji kufungua mlango tu! Sasa nitamletea filamu za kumtamanisha nyumba yake kule Two Harbors.

Alhamisi, 10 Februari

Zimefika! Tatu za kutisha: ya mizimu, ya msumeno na ya mamba. Nilitegemea kufikia Jumamosi Mama Gudrun awe amefunga mizigo. Katazama mbili mfululizo huku anafuma. Kwenye ile ya msumeno kauliza yule binti anashukaje chini ya nyumba bila sweta. Mimi nilikumbuka kitu jikoni. Nikakikumbuka kwa saa nzima.

Nimelala taa ikiwaka. Ardis kauliza kulikoni, nikasema nasoma. Kauliza kitabu kiko wapi.

Tathmini hadi sasa: diski safi, hazina mikwaruzo. Watazamaji wagumu.

Jumatatu, 14 Februari

Mbinu ya pili: kumchosha. Filamu ya saa tatu, nyeusi na nyeupe, mwanamume anatazama ziwa. Hakuna anayetamka neno mpaka saa ya pili, na hapo anasema, "Labda." Mama Gudrun kafuta machozi. Kasema huyo ni marehemu mumewe Alvin kabisa, hata kofia. Mimi nilisinzia. Kaniamsha kwa mkongojo nisije nikakosa mwisho.

Ardis kauliza kama nakumbuka leo ni siku gani. Nikamwambia ni siku ya nane ya majaribio. Hakuipenda hesabu hiyo. Ni sikukuu ya wapendanao.

Jumanne, 15 Februari

Hujuma! Foleni yangu imepanguliwa! Nilipanga filamu tisa za kuchosha, na leo juu yake kuna tamthilia ya daktari wa mifugo wa Norway. Diski kumi! Kumbe mimi nikitoka kuzoa theluji, Mama Gudrun yuko kwenye kompyuta. Wala hakukana. Kaniuliza, "Kwani siku hizi mgonjwa anapanga foleni?"

Nikamshusha kwenye foleni mpaka mwisho. Baada ya kahawa yuko juu. Nikamshusha. Kapanda. Na nyonga mbovu! Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimechoka kuliko yeye, nikaacha.

Alhamisi, 17 Februari

Daktari wa ng'ombe kafika, diski ya kwanza hadi ya tatu. Niliketi kwa nia ya kukosoa tu. Kwenye diski ya pili nikajikuta nauliza yule mtoto wa mchungaji wa kanisa ni wa nani hasa. "Nyamaza, mwanangu, utamjua," kasema Mama Gudrun. Kanipa ule mkate mwembamba wa viazi wa watu wa Norway, lefse, kaupaka siagi na sukari nyingi kama nipendavyo. Sikumbuki kumwambia napenda vipi.

Ardis karudi kazini katukuta tunamzomea mchungaji kwa pamoja.

Ijumaa, 18 Februari

Daktari wa kweli kasema nyonga imepona. Mama Gudrun anarudi kwake Jumatatu. USHINDI!

Nilikwenda gereji kushangilia. Nikapanga misumari kwa urefu. Halafu kwa unene. Chakula hakishuki. Nadhani ni mafua.

Jumamosi, 19 Februari

Si mafua. Nitamkosa. Basi, nimeandika, na asisome mtu.

Lakini nina mpango! Mtu mwenye akili zake haondoki katikati ya tamthilia. Diski ya nne imekuja asubuhi, nimeificha kwenye friza chini ya samaki. Bila ya nne hatuendelei, na tusipoendelea, haondoki. Nimemwambia posta siku hizi wamezembea sana. Masikini, kaamini kabisa.

Jumatatu, 21 Februari

Nimeumbuka. Charlene, mpeleka barua wetu, kaleta diski ya tano. Mama Gudrun, kofia kichwani, mizigo mlangoni, akamvaa kwa uzembe wa posta. Charlene akang'aka: "Ya nne? Si nilimpa huyu Verlyn mkononi juzi! Tena akaniambia nisibonyeze kengele!" Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata barazani.

Nikaenda kuitoa. Ilikuwa imegandana na samaki. Nikatumia kisu. Imetoka vipande viwili.

Mama Gudrun hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Kanishika mkono. "Verlyn, ukitaka nikae, unasema, 'Mama, kaa.' Maneno mawili tu. Haya, sema."

Nikafungua mdomo. Nikasema barabara ya Two Harbors ina barafu. Kangoja. Nikaongeza kwamba runinga yake ni ndogo. Kanigonga begani, kaingia garini kwa Ardis.

Jioni nilisoma tathmini: huduma nzuri, kasoro yake ni kwamba diski zinawahi mno. Ardis kasema tuendelee nayo, ila nimpigie mama yake simu.

Jumatano, 23 Februari

Nyumba imepooza. Diski ya tano iko mezani. Kumzomea mchungaji peke yangu siwezi, nilijaribu. Ardis kasema ni mwendo wa dakika arobaini, simu iko ukutani, na maneno yenyewe ni mawili. Kumbe kaambiwa!

Nilinyanyua simu. Nikasikiliza mlio wake. Nikairudisha. Mtu mzima hakurupuki hivyo bila mpango.

Na mpango ninao! Nimemfungulia Mama Gudrun foleni yake mwenyewe, kwa jina lake, kuanzia diski ya nne. Anwani nimeandika ya kwetu. Akizitaka, itabidi azifuate hapa, na diski saba zilizobaki huwezi kuzitazama umesimama. Nimemsihi Charlene afunge mdomo.

Na Mama Gudrun akiuliza kwa nini zimekuja huku, nitasema posta wamekosea.