Ombi la Kumtaja Aliyemmiminia Chai Bwana Fumo

Idrisa Matano,
Muuza vitambaa,
Mwanjelwa, Mbeya.

Kwa Mtunzi wa tamthilia ya "Nani Alimimina",
Dar es Salaam.

Ndugu Mtunzi,

YAH: KUMTAJA MUUAJI WA BWANA FUMO KABLA NDOA HAIJAVUNJIKA

Kama barua hii imekukuta na kikombe cha chai mkononi, naomba ukiweke kando kwanza. Sisi huku Mbeya miili haijambo. Mengine yako vile vile ulivyoyaacha Jumapili ile ya sehemu ya mwisho, pale mkono uliovaa sweta ulipomimina chai, Bwana Fumo akanywa, akaanguka, picha ikaganda na maandishi yakasema MWISHO. Mwisho wa nini, ndugu yangu, wakati hatujaambiwa mkono ni wa nani?

Sikuandikii kama mtazamaji tu. Mimi ni mshenga. Familia ya kijana Asukile wa Uyole imenituma kumposa binti Esta wa Kilolo, mkoani Iringa, na nilichaguliwa kwa sababu mimi si Mnyakyusa wala Mhehe. Babu zangu walipanda huku kutoka Tanga na mizigo ya kaniki, wakasema wameipenda baridi, jambo ambalo siliamini mpaka leo. Posa nyingi nimezipeleka na ndoa zangu zinadumu. Hii inanishinda, na inanishinda kwa sababu yako. Kwa heshima zote nayapanga malalamiko yangu kwa namba, usije ukasema hukuyaona.

1. Sweta. Mtu anayeishi Dar es Salaam anaweza kudhani sweta ni ushahidi. Mwezi wa saba huku kwetu mchungaji anavaa sweta, mwizi anavaa sweta, na mtoto mchanga anavaa mawili. Kwa mkono ule umetuonyesha mkoa mzima, kisha ukatuachia tutafute wenyewe.

2. Umeligawa soko. Nusu wanasema aliyeua ni Doris, mke wa marehemu. Nusu wanasema ni Gadi, mdogo wake marehemu. Hakuna wa katikati, isipokuwa mke wangu Batuli anayemshuku daktari, na yeye tumemzoea. Wanawake wa upande wa Doris-ndiye walikuja dukani kuchagua kitenge cha sare. Kesho yake wakaja wa upande wa Gadi-ndiye, wakataka kitenge kisichofanana nacho hata kidogo. Nakiri vitambaa vimetoka vizuri, kwa hiyo hili nalalamika kwa niaba ya wengine.

3. Umeingia mpaka kwenye ibada. Mchungaji mmoja wa Uyole alihubiri habari za Kaini na Abeli, kama anavyofanya kila mwaka, na nusu ya kwaya ikatoka nje kwa madai kwamba amemhukumu Gadi. Jumapili iliyofuata, kwa kusawazisha, akahubiri Delila, yule aliyemsaliti Samsoni. Ikatoka nusu ya pili. Khatibu wetu msikitini alisikia habari hizo, na Ijumaa akaona salama azungumzie usafi wa mitaro.

4. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Tulikwenda Kilolo kukaa kikao cha mahari. Asukile hana baba. Aliyemlea ni baba yake mdogo, Mzee Isaka, naye ndiye aliyeongoza ujumbe wetu. Esta pia hana baba. Mwenye nyumba ni mama yake, mjane, mwanamke wa maneno machache. Tulipokelewa vizuri, tukapigwa faini ya kuchelewa, tukailipa kwa vicheko kama ilivyo desturi. Kisha Liberatus, mjomba wa binti, akataka kukichangamsha kikao. Akauliza kwa utani, huko Mbeya mnasema nani alimuua Fumo? Mzee Isaka akajibu palepale kwamba ni mke, kwani kuna mjadala?

Hapo ndipo Mama Esta alipoingia na chai.

Ndugu Mtunzi, sijawahi kuona wazee wazima wakivitazama vikombe namna ile. Desturi inajulikana, anayemimina huonja kwanza. Mama Esta alikuwa amesikia jibu la Mzee Isaka kutoka jikoni, na kwa hasira hakuonja. Mzee Isaka akakisogeza kikombe chake polepole mpaka mbele yangu. Wahenga walisema mjumbe hauawi, nadhani alikuwa anawategemea wao. Nikanywa. Wenzake nao wakasogeza vyao. Nilikunywa chai ya ujumbe mzima, na barabara ya kurudi ina kona nyingi na vichaka vichache vya maana.

"Mnaogopa chai yangu?" Mama Esta aliuliza. "Marehemu mume wangu kanywa hii hii maisha yake yote."

Alitaka kututoa wasiwasi. Lakini katika maneno yale yote, ujumbe wetu ulisikia moja tu, marehemu. Liberatus akaona dada yake anadhalilishwa, akasema wao kwa upande wao wanajua muuaji ni mdogo mtu, maana ndiye aliyebaki na shamba. Mzee Isaka akasimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Mahari haikutajwa.

5. Hili nakueleza wewe peke yako, kwa siri, ili uelewe umegusa wapi. Kaka yake Mzee Isaka alipofariki, Isaka alilima shamba la marehemu ili mtoto asome. Mtoto amesoma. Lakini watu walinong'ona kwamba alikuwa na kijicho na kaka yake, na mpaka leo akipita na gunia la viazi kuna wanaokohoa. Na kule Kilolo, mume wa Mama Esta alilala mzima, asubuhi hakuamka, na mawifi walikaa matanga yote wakinusa masufuria. Hakuna aliyewahi kuwaambia hawa wawili neno usoni. Wamelibeba kimya miaka yote. Halafu ukaja wewe na Jumapili yako, na jambo lile lile watu wakaanza kulisema kwa sauti huku wakila karanga. Mzee Isaka hawezi kukubali kwamba muuaji ni mdogo mtu, na Mama Esta hawezi kukubali kwamba ni mke. Mimi ningekuwa wao nisingekubali. Sikulaumu kwa kutowajua. Nakulaumu kwa kutomaliza ulichoanza.

6. Vijana wenyewe. Asukile anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo, Esta ni muuguzi Iringa mjini. Walijaribu kusema kwamba wao hawana upande, wakaambiwa na pande zote mbili kwamba asiye na upande ndiye wa kuchunguzwa. Harusi ilikuwa iwe baada ya mavuno. Mavuno yako ghalani, na Esta ananipigia simu analia, ananiuliza kama nimekata tamaa. Namjibu kwamba mshenga hakati tamaa. Nadanganya.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, urudi hewani umtaje muuaji. Masharti yangu ni machache. Asiwe Doris, kwa ajili ya Kilolo. Asiwe Gadi, kwa ajili ya Uyole. Asiwe daktari, maana bibi harusi ni mtu wa hospitali, na tena Batuli akipatia hapo nitahama nyumba. Asiwe mlinzi wa geti, kwa sababu Liberatus ni mlinzi. Mpishi pia hapana, shangazi yake Asukile ndiye atakayepika harusini na watu inabidi wale. Na tafadhali asiwe yule mfanyabiashara wa pwani aliyepita mara moja katika sehemu ya tatu, kwa sababu ambazo naamini unaziona.

Nimewapitia wahusika wako wote na hakuna aliyebaki. Basi njia ni moja, Bwana Fumo asiwe amekufa. Tupatie dakika kumi tu za nyongeza. Aonekane Ruaha Mbuyuni, pembeni ya barabara kuu, anachagua vitunguu. Aseme alizimia tu, akazinduka, akaona familia imemchosha, akapanda basi. Aliyezikwa awe mtu mwingine kabisa, mzee sana, asiye na mke wala mdogo. Kama tatizo ni gharama ya vitunguu, nitaviagiza mimi.

Nakuombea kalamu nyepesi na moyo wa huruma. Wasalimie waigizaji wote, wapiga picha, na fundi aliyeigandisha ile picha, mwambie tunamkumbuka kila siku. Yule dada aliyeigiza Doris asipitie Uyole kwa sasa, na kijana aliyeigiza Gadi, kama ana safari ya Kilolo, aiahirishe. Batuli anamsalimu daktari, ila kwa jicho la pembeni.

Wako mpenda ndoa za watu,
Idrisa Matano, mshenga.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Kabla sijafunga bahasha niliona ni haki pande zote mbili ziisikie barua, maana mshenga hawaandikii watu kwa kificho. Mzee Isaka alikuja dukani. Mama Esta nilimpigia simu, nikaweka spika. Nikaisoma kwa sauti yangu ya vikao. Kwenye sweta walicheka, kila mmoja upande wake. Mimi nikanogewa na kusoma, na nilikuwa nimeshafika kwenye mawifi na masufuria kabla sijakumbuka kwamba namba tano ilikuwa siri yangu na wewe.

Hapo huwezi tena kurudi nyuma. Nikaendelea mpaka mwisho wa namba ile, nikaikunja barua. Kisha Mama Esta akasema, "Kumbe na wewe Mzee Isaka walikusema?"

"Mpaka leo, mama," Mzee Isaka alijibu. "Mpaka leo wananisema."

"Mimi nilijua ni mimi tu."

Waliongea mpaka chaji yangu ikaisha, nikawapa simu ya Batuli. Nilitoka nje kupanga vitambaa vilivyokuwa vimeshapangwa, na sioni aibu kukuambia kwamba nililia. Niliporudi walikuwa wameshafika kwenye mahari, bila mimi, na wameelewana. Harusi ni baada ya Krismasi. Liberatus ameomba radhi kwa ujumbe wa simu, mrefu kidogo.

Kwa hiyo, Ndugu Mtunzi, naomba uihesabu barua hii kama hukuipata. Naituma tu kwa vile stempu ilikuwa imeshabandikwa. Usimtaje mtu. Ukimtaja mke utamchoma mmoja, ukimtaja mdogo utamchoma mwingine, na habari ya vitunguu achana nayo. Kama kuna watu wanakusumbua kwa barua wakitaka jibu, uwe na msimamo, usiwasikilize.

Ila Mama Esta ameniagiza nikuongezee neno. Anasema wako watu hufa tu, bila kuuawa na mtu yeyote. Anauliza kama ulipokuwa unaandika, hilo uliliwaza.