Uzinduzi wa Maabara ya Kuhesabu Askari wa Uvimbe

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, mheshimiwa makamu wake, ambaye ni shemeji yangu, waheshimiwa madaktari bingwa na wasio bingwa, wauguzi, wagonjwa mliosimama kwa kukosa viti, na mimi mwenyewe, mgeni rasmi, ambaye itifaki inanizuia kujitaja kwanza! (Makofi.)

Leo tunazindua maabara ya kisasa, ya kidijitali, yenye mkakati shirikishi wa kuboresha ufanisi wa matokeo, itakayochungulia ndani ya uvimbe wa saratani na kuhesabu seli za kinga, yaani askari wa mwili, kwa sababu wataalamu wameniambia, nami nikawaelewa papo hapo, kwamba askari wakiwa wengi mle ndani, dawa ya kuamsha kinga ina nafasi nzuri ya kufanya kazi, na wakiwa wachache, daktari atafute njia nyingine mapema badala ya kubahatisha. (Makofi. Mtu anapiga chafya.) Kwa mujibu wa takwimu nilizoziandaa nikiwa njiani, kubahatisha kumepungua kwa asilimia tisini na tisa!

Namwona pale mbele mama mshonaji, aliyeegemea bega la dada yake. Daktari wake kanieleza kwamba alimwanzishia dawa hiyo bila kipimo, kwa kuwa maabara ilikuwa kwenye mchakato. Ngozi ikajaa vipele, nguvu zikaisha, uvimbe ukabaki vilevile. Pole sana mama, lakini utatoka vizuri kwenye picha za uzinduzi. Umenyoosha mkono? Mpeni kipaza sauti, kwa kifupi tu.

("Mheshimiwa, kipande cha uvimbe wangu kilichukuliwa kabla ya mvua. Kimeonekana nini? Nina watoto. Nataka kujua kama niendelee na dawa hii au niiache.")

Swali zuri, la kimkakati kabisa! Litaingizwa kwenye mpango kazi wa awamu ijayo. (Minong'ono.)

Sasa semeni nami: Askari wa mwili, oyee! (Sauti chache: Oyee.) Saratani, chini! (Shemeji peke yake: Chini!)

Kwa kumalizia, naishukuru shule ya jirani kwa kutuazima hadubini hii, inayorudi darasani mchana huu. Namshukuru dereva wangu, ambaye sasa avue hilo koti jeupe, tunaondoka. Na nawashukuru mafundi wa mahema, waliotusimamishia maabara hii ya turubai na kuichorea madirisha utadhani ya kweli. Vipande vyenu vya uvimbe viko salama kwenye boksi pale mapokezi. Kila mtu achukue chake.

(Mama mshonaji anamshika dada yake mkono. Wanakwenda kukichukua.)