Minazi ya Kifalme Mjini Sumbawanga

Flavian aliiona riziki yake imepigiliwa msumari ukutani. Ilikuwa kalenda ya mwaka 1993, imetundikwa sebuleni kwa Cornelius, mfanyabiashara wa mahindi, na picha yake ilikuwa ya jumba jeupe lenye minazi mirefu kushoto na kulia kwa njia. Flavian alikuwa amekwenda pale kuuza saa ya mkononi iliyotembea pale tu ilipotikiswa. Saa ikamtoka akilini. Alikuwa anamtazama Adela, mke wa Cornelius, akiipangusa ile kalenda kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

"Mama," alisema Flavian, "nyumba yako inaishinda hiyo. Imekosa kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Minazi."

Adela akacheka. "Minazi Sumbawanga? Hapa hata kuku wanatetemeka."

"Hiyo unayoijua wewe ni minazi ya kula. Mimi nazungumzia minazi ya kifalme, ya kutazama. Nimeitunza mwenyewe miaka saba kwenye hoteli kubwa Dar es Salaam."

Haikuwa miaka saba, ilikuwa miezi saba. Wala hakuwa mtunza bustani. Alikuwa akifagia majani yaliyoanguka, na akafukuzwa kwa kuyafagilia nyuma ya jiko badala ya kuyatupa. Kuhusu miti, Flavian alijua mambo mawili: mizizi hukaa chini, majani hukaa juu. Mengine aliuachia ulimi.

Msimlaumu Adela. Miaka ile biashara ilikuwa ndiyo imefunguliwa. Zamani kusafirisha mahindi kwa malori bila kibali ilikuwa kesi. Sasa ilikuwa sifa. Watu walipata bati, wakapata vioo, wakapata rangi ya maziwa. Mtaa mzima ukawa na bati, vioo na rangi ya maziwa, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana tajiri anayefanana na jirani yake hulala vibaya. Tulikuwa tunatafuta cha kutupambanua. Tungeweza kununua vitabu. Tulinunua minazi.

Nasema "tulinunua" kwa sababu mimi ninayesimulia nilinunua miwili. Nyumba yangu wakati huo ilikuwa ya udongo.

Flavian alipanda lori la wachuuzi wa samaki, akateremka bondeni hadi Muze, ambako joto hukukumbatia kama shangazi mnene. Huko mivumo, miti ya jamii ya minazi, huota yenyewe porini na hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuipanda, kama vile hakuna anayepanda nyasi. Akang'oa michanga mia moja na themanini, akaitia kwenye makopo yenye udongo, akairudisha mjini mwezi wa Desemba mvua zilipokolea. Kila kopo alilifunga utepe mwekundu. Bei ikawa gunia la mahindi kwa mche.

Mtu mmoja mwenyeji wa bondeni alisimama mbele ya makopo hayo akakuna kichwa.

"Ndugu, mbona hii ni mivumo?"

Flavian hakutikisika. "Umeona vizuri. Mvumo na mnazi wa kifalme ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Ila huyu ndiye aliyesoma."

Watu wakacheka, na yule bwana, kwa aibu ya kuonekana hakusoma, akanunua mmoja.

Hadi Machi mji ulikuwa umevaa makuti. Cornelius alipanda kumi na miwili. Habari zikafika Mpui na Chala, na huko nako wakaagiza. Hata mzee Beda, fundi viatu mgane, alikuja na mbuzi jike wake wa pekee. Alitaka mti wa kupanda kwenye kaburi la mkewe, Victoria, kwa sababu upepo wa huku kwetu haukosi safari, na kaburi lile lilikuwa peupe.

"Utaota kweli, mwanangu?" aliuliza.

"Marahaba mzee, shikamoo," alijibu Flavian kwa kuchanganyikiwa, maana alikuwa anamtazama mbuzi. Kisha akajirekebisha. "Utaota, mzee. Mama atapata kivuli mpaka aombe jua."

Ninaambiwa jambo hilo lilimkwaza kidogo, akakaa dakika nzima bila kusema uongo. Lakini mbuzi alimchukua.

Mtu mwenye akili angeondoka Aprili. Flavian alijua baridi ya Juni itakuja. Jambo hilo linajulikana hata kwa asiyejua miti. Ila oda zilikuwa bado zinaingia, na tamaa haina kalenda. Juni ikamkuta bado yupo. Asubuhi moja tuliamka majani yamejikunja na kugeuka rangi ya kahawia, tukamwendea mbio.

"Inasikia baridi," alisema Flavian. "Nanyi mnaniuliza? Nyinyi mkisikia baridi mnafanyaje?"

Tukaivalisha. Wallahi, tukaivalisha. Adela alifuma sweta kumi na mbili za uzi wa bluu. Wengine walitumia magunia, wengine mashuka. Mimi niliuvalisha mmoja koti langu la harusi, na mke wangu akasimama mlangoni ameshika mabega yake mwenyewe, akaniambia, "Mume wangu, ukimaliza kuuvalisha mti, na mimi nipo." Mgeni aliyepita mjini wiki ile alidhani tunaadhimisha siku ya mtakatifu fulani wa majani.

Majani yalipokauka kabisa, tulirudi. Flavian akatutazama kwa huruma.

"Imelala. Ulaya miti yote hulala wakati wa baridi. Msiiamshe kwa kelele."

Tukaondoka tunanyata.

Ndipo Mwalimu Otilia alipotoka Mbeya. Alikuwa dada yake mzee Beda, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na miezi yote hiyo alikuwa huko akitibiwa macho. Alishuka kwenye basi akiwa na miwani mipya, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri baada ya miaka mitatu kilikuwa mti mkavu uliovaa sweta. Akadhani miwani ina kasoro.

Alipofika nyumbani alimkuta kaka yake kitandani, anakohoa kikohozi cha ndani, amejifunika mkeka.

"Kaka, blanketi lako liko wapi?"

"Liko makaburini," alisema Beda. "Mti wa Victoria unasikia baridi."

Otilia alikwenda makaburini, akaufunua ule mti, akaushika. Ulivunjika mkononi mwake kama biskuti. Akalikung'uta blanketi, akarudi nalo, akamfunika kaka yake, akamchemshia uji wa ulezi, akamwita mganga wa zahanati. Siku nne hatukujua kama mzee atapona. Siku ya tano alipoketi mwenyewe na kudai tumbaku, Otilia alivaa miwani yake akatoka kumtafuta Leonidas, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani na sasa alikuwa dereva wa mkandarasi mmoja wa huko Chala.

Wakati huo Flavian alikuwa anafunga mzigo. Basi lake lilikuwa la Alhamisi. Jumanne mchana gari aina ya Land Rover likasimama mbele ya chumba chake, akashuka bwana aliyevaa suti na miwani ya jua.

"Wewe ndiye bwana miti?"

"Ndiye mwenyewe."

"Naitwa Leonidas. Tajiri wangu ana mashamba ya chai. Ingia kwenye gari."

Walikwenda mpaka nyuma ya nyumba ya Mwalimu Otilia. Pale, chini ya chanja cha nyasi, kulikuwa na miche mia tatu kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, imestawi kwa kumwagiliwa na watoto wa jirani Mwalimu alipokuwa Mbeya, majani yake yamechanika kama unyoya. Leonidas akageuza jani moja. Mgongo wake uling'aa.

"Unaujua mti huu?"

"Nani asiyeujua!" alisema Flavian.

"Unaitwaje?"

"Inategemea uko nchi gani."

Leonidas akajiuma mdomo, akajifanya anakohoa. "Sisi tunauita mwaloni wa fedha."

Fedha. Rangi ya mgongo wa jani ndiyo iliyokusudiwa, lakini katika masikio ya Flavian neno hilo lilikuwa na maana moja tu tangu alipozaliwa.

"Tajiri anaitaka yote," aliendelea Leonidas. "Nimemwomba huyu mama, hataki kuongea na mimi. Wewe ni mtu wa hapa. Uipate, nitakuja Jumamosi kuichukua, na nitakulipa mara tatu ya utakachotoa. Ila usimwambie thamani yake."

"Kaka," alisema Flavian akimshika bega, "kuficha thamani ndiyo kazi yangu."

Jumatano asubuhi alibisha hodi kwa Otilia, amevua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kuhusu ile miche yako. Naomba uniuzie."

"Ya nini? Ni migrivea tu, mwanangu. Hata uzio wa shule ni migrivea."

Flavian akamhurumia moyoni. Maskini mama wa watu, amekalia fedha anadhani uzio!

"Najua ni ya uzio, Mwalimu. Mimi naipenda tu."

"Siuzi. Niliiotesha kwa ajili ya mradi, mradi ukafa. Nilitaka kuigawa."

Neno "kuigawa" lilimchoma Flavian kama sindano. Akatoa kitita cha noti. Otilia akatikisa kichwa. Akatoa cha pili. Otilia akasema sufuria lake linaungua, akaingia ndani. Alipotoka, alikuta kwenye kibaraza kuna noti zote za Flavian, redio yake kubwa, baiskeli yake, na mbuzi jike wa Beda, ambaye Flavian alikuwa bado hajapata mteja wake.

"Mwanangu, unajua unachonunua?" aliuliza Otilia, na sauti yake, wanasema waliokuwepo, ilikuwa ya mwalimu anayempa mtoto nafasi ya mwisho ya kusahihisha jibu.

"Mwalimu, mimi na miti ni damu moja."

"Haya."

Flavian akaazima mkokoteni, akaihamisha miche yote hadi uani kwake. Basi la Alhamisi likaondoka bila yeye. Jumamosi alivaa shati safi akakaa kwenye kigoda toka asubuhi, akitazama barabara. Magari saba yalipita. Land Rover moja ilipita bila kusimama, na dereva wake, aliyevaa ovaroli lenye grisi, alimpungia mkono. Flavian alimtazama mara mbili. Ilimchukua muda kuutambua uso ule bila suti. Kisha akakigeuza kigoda, akakaa akiutazama ukuta.

Angekuwa mtu wa kawaida angelia. Flavian alianza kupanga namna ya kuiuza. Hadi jioni alikuwa amepata jina, "msonobari wa Sultani", na alikuwa ameshakata tepe za bluu. Lakini alisahau kwamba kesho yake ni Jumapili.

Baada ya misa, wakati wa matangazo, Mwalimu Otilia alisimama. Alisema Bwana Flavian amehuzunishwa sana na minazi yetu iliyokufa. Kwa kuwa ni muungwana, ametumia kila alichopata kununua miche mia tatu ya migrivea, mti unaoupenda upepo wetu na baridi yetu, na kila aliyeuziwa mnazi atapewa mche bure. Tena, Mwalimu akasema, fedha alizolipwa yeye atazirudisha kwa wenye minazi, maana Bwana Flavian asingependa kusifiwa kwa hilo.

Tulilipuka kwa vigelegele. Wengine tulikuwa tumebeba fimbo toka nyumbani kwa shughuli nyingine kabisa, na hatukujua tuziweke wapi.

Tulimkuta Flavian uani ana tepe mkononi. Cornelius alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Adela alimbusu mkono. Alifungua kinywa kusema bei, mtu akamwambia, "Usiseme kitu, tunajua." Akafungua tena, kina mama wakaanza wimbo. Kila mmoja alichagua mche wake akaufunga kitambaa cha kuutambua, halafu Otilia akatangaza kwamba haipandwi sasa ardhi ikiwa kavu. Itabaki hapo chini ya uangalizi wa Bwana Flavian hadi mvua za Novemba. Tukampigia makofi tena.

Jumatatu, alfajiri bado ina ukungu, Flavian alifungua mlango taratibu, begi begani, tayari kwenda kwa miguu hata Tunduma. Mzee Beda alikuwa ameketi katikati ya viriba, amejitanda blanketi mabegani, anakohoa kidogokidogo.

"Shikamoo, mzee," alisema Flavian.

"Marahaba. Nimetoka kitandani leo. Jana sikuweza kuja kuchagua." Mzee aliitazama miche ile safu kwa safu. "Nichagulie wewe. Unajua miti. Wa Victoria ni upi?"

Flavian alisimama. Kulikuwa na mengi ya kusema; alikuwa na jibu la kila swali tangu utotoni. Aliinama akapita baina ya safu, akapapasa majani, akarudi mwanzo, akapita tena. Mwishowe akachukua mmoja ulionyooka, shina lake nene kuliko mengine, akauweka miguuni pa mzee. Udongo wa kiriba ulikuwa mkavu, umeachana na plastiki pembeni.

Akaliweka begi chini.

"Mzee," alisema, "hivi huu unataka maji mengi au kidogo?"

Beda akafikiri. "Hata mimi sijui, mwanangu. Chukua ndoo, twende tukamwulize Otilia."